Mbeba maji aliyejifungia baiskeli katikati ya mashindano

Saa moja na robo asubuhi, mwanamke mwembamba anafunga breki mbele ya jengo la ghorofa saba. Nyuma yake, juu ya keria pana ya chuma, yamefungwa madumu matatu ya maji ya kunywa, kila moja lita ishirini.

Anashuka, anapitisha mnyororo kwenye gurudumu la nyuma, anabana kufuli na kudumbukiza ufunguo kwenye mfuko wa aproni. Mambo hayo yote anayafanya huku macho yake yakiwa kwenye ngazi. Kisha anatupia dumu la kwanza begani, anaanza kupanda.

Ukutani kuna karatasi inayosema lifti haifanyi kazi. Karatasi yenyewe imeshageuka rangi ya chai.

"Lifti hiyo inapanda!" anapaza sauti mpangaji wa ghorofa ya pili, mswaki mdomoni.

"Basi kaa pembeni, haina breki," anajibu bila kusimama.

Ndivyo anavyoitwa na wote hapa: Lifti. Ana miaka thelathini na minne, watoto wawili, na huu ni mwaka wa tisa anapeleka maji kwenye maofisi na nyumba za kupanga. Kwa siku hupeleka madumu ishirini na nane. Hulipwa kwa dumu, si kwa ghorofa.

"Wa chini na wa juu bei moja," anasema akishuka mbio. "Ningelipwa kwa ngazi, leo ningekuwa na jengo langu. Tena lenye lifti nzima."

Wiki tatu zilizopita, jina hilo la utani lilitangazwa kwenye kipaza sauti mbele ya umati. Lifti alikuwa mmoja wa wanawake arobaini na mmoja walioshiriki duathloni ya kwanza ya msimu: kukimbia kilomita tano, kuendesha baiskeli kilomita ishirini, kisha kukimbia tena kilomita mbili na nusu.

Aliyemtia mawazo hayo ni mteja wake wa ghorofa ya tano, karani wa ofisi ambaye mwisho wa wiki ni kocha wa klabu ya wanariadha wasiolipwa. Kocha alimwangalia kwa muda mrefu jinsi anavyoendesha, anavyokimbia ngazi, anavyorudi kwenye baiskeli.

"Akaniuliza kama najua kwamba kuna watu wanashindania hii kazi yangu," anakumbuka Lifti. "Nikadhani ananitania. Nikamwambia wakitaka kushindana waje Jumatatu, siku ya madumu mengi."

Akafanya mazoezi miezi minane, kila alfajiri kabla ya kazi. Alichokitaka kilikuwa kimoja. Wanawake kumi wa kwanza wangeingia timu ya klabu, wafundishwe msimu mzima na kuazimwa baiskeli za mashindano. Yake ni ya chuma, haina gia, na kwa kilo ni kama dumu la nne.

Nyumbani hakukosa wa kumcheka. Wifi yake, msusi anayeishi chumba cha pili, hakuficha maneno.

"Nilimwambia, wifi, mtu mzima unakimbia na hakuna anayekufukuza?" anasema msusi huyo, vidole vikiwa kwenye kichwa cha mteja. "Lakini siku yenyewe nilikuwa wa kwanza kuamka. Ningekubali wengine waone, mimi nikose?"

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikata keria aliyoitengeneza kwa mikono yake ili baiskeli iwe nyepesi. "Iliniuma kama nakata kidole," anasema. "Lakini nikasema, chuma nitaunga tena."

Asubuhi ya mashindano Lifti aliegesha baiskeli yake kwenye vyuma vya kuegeshea, kati ya baiskeli zinazong'aa. Akaweka kofia ya kinga juu ya usukani. Kisha akavua aproni, maana ameizoea hata akatoka nayo nyumbani, akampa wifi yake amshikie.

Kilomita tano za kwanza zilikwenda vizuri. Alirudi akiwa mwanamke wa sita. Akavaa kofia, akashika usukani, akavuta.

Baiskeli ikakataa.

Akavuta tena. Chuma chote cha kuegeshea kikayumba, na baiskeli ya jirani ikamwangukia mguuni. Ndipo akatazama chini. Mnyororo ulikuwa umepita kwenye gurudumu la nyuma, umezunguka chuma, na kufuli limebanwa barabara.

"Sikumbuki kuifunga," anasema, na hapo anaficha uso kwa kiganja. "Nimeshaibiwa baiskeli mbili. Mkono ulifunga wenyewe, haukuniuliza."

Ufunguo ulikuwa kwenye aproni. Aproni ilikuwa kwa wifi. Na wifi alikuwa ameshahama, amekwenda kutafuta pa kuonea vizuri kwenye kona ya mlimani, mita mia nne mbali.

Mwamuzi alikuja mbio. Akatazama kufuli, akamtazama mwenye kufuli.

"Mama, hapa baiskeli zinalindwa."

"Najua, baba. Ufunguo uko nje, kwa wifi. Sasa nifanyeje?"

"Mtu wa nje haruhusiwi kuingia kukusaidia. Ufunguo ukiutaka, ufuate mwenyewe. Saa haisimami."

Akaufuata. Alikimbia kwa miguu, kofia ya baiskeli kichwani, huku wenzake wakimpita wamekaa juu ya magurudumu. Watu kando ya barabara walicheka wakidhani amesahau baiskeli.

Wifi alipomwona alirukaruka. "Umeshamaliza? Mbona upesi hivyo!"

"Aproni, wifi! Aproni!"

"Ya nini sasa, unataka kupika?"

"Ufunguo!"

Msusi anasema hajawahi kuupekua mfuko kwa haraka kiasi kile. Lifti aliuchukua ufunguo, akarudi mbio, akafungua. Zilikuwa zimepotea karibu dakika tano. Katika lile eneo la kuegeshea, baiskeli yake ilikuwa imebaki peke yake.

"Hapo moyo ulitaka kukaa chini," anasema. "Kisha nikafikiri, siku nikichelewa ghorofa ya saba, je, huwa narudi na maji nyumbani?"

Kwenye mlima ndipo alipoanza kuwapata. Mwili uliozoea kupanda na kilo sitini mgongoni mwa baiskeli ulikuwa haubebi kitu. Aliwapita mmoja mmoja, wengine wakihangaika na gia zao, yeye amesimama juu ya pedeli. Alirudi akiwa wa ishirini.

Ilibaki kukimbia. Kocha anasema hapo ndipo wageni wengi huumbuka, kwa sababu ukishuka kwenye baiskeli miguu huwa kama mbao. "Wanashuka wanatembea kama watoto wanaojifunza kusimama," anasema. "Lifti alishuka na kuondoka kama mtu anayepeleka maji. Hiyo ndiyo kazi yake mara ishirini na nane kwa siku."

Aliwapita wanane. Wa kumi na wa kumi na moja walikuwa mbele yake, anawaona namba mgongoni, lakini barabara ikaisha.

Alikuwa wa kumi na mbili. Timu ilikuwa imeshajaa.

Kwenye ubao wa matokeo, hata hivyo, kulikuwa na safu ya kilomita mbili na nusu za mwisho. Katika safu hiyo, kati ya wanawake wote arobaini na mmoja, hakuna aliyekimbia kwa muda mfupi kuliko Lifti. Mumewe aliuliza mara tatu kama wamesoma sawasawa, kisha akapiga picha ubao huo. Picha hiyo sasa ndiyo inayowaka kila simu yake inapoita.

Lifti mwenyewe huongea kwa sauti ndogo anapoulizwa kuhusu ubao. "Niliona jina langu juu," anasema. "Nikalisoma mpaka mwisho. Halafu nikarudia."

Mashindano ya pili ya msimu yatafanyika baada ya wiki nne, na yataongeza wanawake wawili kwenye timu. Anajiandaa. Mlima haumpi shida, wala kukimbia. Zoezi gumu kuliko yote hulifanya uani kwao kila jioni akitoka kazini.

Anaegesha baiskeli ukutani. Mnyororo na kufuli vimewekwa mapajani mwa wifi, aliyekaa kwenye kigoda akisuka. Lifti anasimama, mkono unakwenda wenyewe kwenye gurudumu la nyuma.

"Wifi, mkono!" anafoka msusi.

Mkono unarudi. Lifti anageuka, anatoka mbio getini, anazunguka nyumba sita. Siku za kwanza alikuwa akichungulia nyuma kila hatua kumi. Siku hizi, anasema, anafika kwenye kona kabla ya kuchungulia.

Anarejea anahema, jasho likimtiririka, na kabla ya jambo jingine lolote anatazama ukutani.

"Ipo," anasema, na kuishika usukani.