Mkwe Aliyemwigiza Marehemu

Sogea karibu, ndugu yangu, nikusimulie aibu yangu ya Kibiti, na ukitaka kucheka cheka tu, wenzako walishacheka.

Mimi ni Mnyamwezi, fundi cherehani, nilifika Kibiti miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, mitumba imemwagwa barabarani na wanunuzi binafsi wa ufuta wanagombea magunia. Sisi na watu wa pwani ni watani, na mtani (nikueleze kama hujui) ana kazi msibani: humwigiza marehemu, wafiwa wacheke kidogo, wapumue. Kazi hiyo niliiweza, mpaka Ikwiriri walikuwa wakiniita.

Basi akafariki Mzee Kassimu, baba yake Zuhura, na kwa huyo Zuhura nilikuwa nimeshapeleka posa, nangoja jibu, silali. Siku ya msiba nikakaa kimya kabisa. Watu wakaanza, "Mnyamwezi, mbona umepoa? Au umefiwa wewe?" Nikasema moyoni, navaa kofia ya marehemu, basi, kofia tu. Wakacheka. Nikaweka mkono kiunoni nikagombana na mnunuzi wa ufuta kama alivyokuwa akigombana, "Mizani yako ina njaa kuliko wewe!" wakacheka zaidi, kichwa kikanivimba, nikaenda hadi mlangoni kwa akina mama nikaita kwa sauti yake, "Mke wangu, uji wangu uko wapi?"



Aliyeketi pale mlangoni alikuwa mjane mwenyewe, mama mkwe wangu mtarajiwa, ambaye tangu posa ifike sikutakiwa hata kumtazama usoni (mtani hutania, mkwe huinamisha kichwa, na mimi nilijifanya wote wawili). Nyuma yake Zuhura alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Mpaka leo sijui alikuwa akicheka au akilia.

Mjomba wake akanishika mkono. "Bwana, hapa umekuja kama mtani au kama mkwe?"

Ulimi ulishazoea ile sauti, ukajibu wenyewe, "Nimekuja kunywa uji!"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba hakucheka. "Ahsante, mtani, umetuliwaza. Posa yako utarudishiwa na mshenga."

Zuhura aliolewa Nyamisati. Nimeshachekesha misiba mingi tangu hapo, na kila nikisikia kicheko upande wa wanawake nageuka kuangalia, ingawa najua hayupo.

Kwa hiyo, kijana, ukishapeleka posa kwa watu, wakifiwa mwombe mtani mwingine afanye kazi yako, wewe chukua jembe ukachimbe kaburi na wenzio.