Nilimufungia Mama Mukwe Ndani Juu ya Kuogopa Bezi

Admin, jina yangu uiache pembeni, juu muji wetu wa Baraka ni padogo na batu banajuana. Niko mama wa miaka makumi tatu na mbili, niko na batoto batatu, nashona nguo ku soko. Bwana yangu anachimba dhahabu kule Lulimba, anaweza kumaliza miezi mingi bila kufika nyumbani. Mi naishi na mama yake. Ni mama mzee, na ni muntu wa heshima sana: hata akienda tu kuomba chumvi kwa jirani, lazima kwanza afunge kitambaa ku kichwa. Batoto bangu bote bamekulia ku mikono yake.

Mwaka huu bezi baliingia kwetu muchana kabisa. Mi nilikuwa soko, batoto ku masomo, Mama nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya mihogo. Balibeba sola na betri yake, na bitenge vya wateja wangu. Nilipomuuliza, alisema kuna kijana alipita kuomba maji ya kunywa, akamukaribisha, akamuacha ndani akarudi ku kinu chake. Hasira ikanipanda. Nikamuambia mbele ya batoto: "Kumbe ni we mwenyewe ulibafungulia mulango!" Aliendelea tu kuchambua mboga.

Bwana akatuma fundi wa kuchomelea, akaweka vyuma ku madirisha yote na mulango wa chuma. Mi nikanunua kadena, kufuli kubwa, na kila nikienda soko nikawa nafunga kutoka inje. Na Mama iko ndani.

Siku ya kwanza aliniuliza kwa upole: "Mukamwana, na mi nifungwe sawa kuku?"

Nikamujibu: "Ni kwa usalama yako, Mama. Bezi bakikukuta peke yako batakuumiza."

Hayo ndiyo nilimuambia na bwana ku simu, akanisifu kama niko na akili. Lakini leo niseme ukweli yote. Bezi nilibaogopa, ndiyo. Lakini nilikuwa bado namukasirikia ule mama, na nilitaka asikie uchungu. Choo yetu iko inje. Nilimuwekea ndoo. Muntu wa heshima vile, ndoo.

Sasa kulikuwa harusi, na mi ndiye nilikuwa nashona nguo za bamama ba kwaya. Asubuhi hiyo Mama alisema tumbo inamusokota. "Leo niachie funguo, mwanangu." Nikamuambia ni mihogo ya jana, itapita. Nikafunga, nikaenda. Kufika soko, mama mumoja akaniomba nimufuate mpaka Nundu, safari ya mbali, kupima nguo za bale benye hawakuweza kuja. Nikapanda pikipiki. Simu yangu ilikuwa imezimika.

Niliporudi nikakuta kiwanja kimejaa batu. Jirani yangu, mama mukimbizi kutoka Burundi, alikuwa amesimama ku dirisha, mukono wake umepita katikati ya vyuma, amemushika Mama mukono. Banaume balikuwa banapiga kadena na mulango kwa shoka, na mulango unakataa. Fundi alikuwa amefanya kazi yake vizuri.

Jirani aliponiona akapiga kelele: "Fungula! Mama anahara na kutapika tangu asubuhi, tumekutafuta kila mahali!"

Nikakosa tundu ya kadena mpaka muntu mumoja akaninyang'anya funguo.

Mama alikuwa ameanguka chini ya dirisha. Ndoo ilikuwa imemwagika, kitenge chake chote kimechafuka, na batu banachungulia. Alikuwa amevua kile kitambaa cha kichwa, amejifunika uso nacho. Hakulia. Alisema tu na sauti ndogo: "Mukamwana, batoe inje hawa batu."

Ilikuwa kipindupindu. Ku hospitali bakamuwekea serum, maji ya dawa ya ku mushipa, na muganga akaniambia: "Mungekawia kidogo tu, mungekuwa munachimba kaburi." Mungu akatusaidia, akapona, ila miguu yake haina tena nguvu.

Bwana akapiga simu. Mama akaniomba ile simu, akamuambia: "Mwanangu, ugonjwa ulinikamata gafla, bibi yako akanikimbiza mbio ku hospitali. Uko na bibi muzuri." Nikasikia bwana analia, ananishukuru. Nikatoka inje, nikaketi ku ukuta wa hospitali, nikalia.

Tuliporudi nyumbani nikapiga magoti mbele yake. "Mama, nitamuambia ukweli."

Akanikamata mukono kwa nguvu. "Usiseme. Ukisema, atauliza balinikuta namna gani. Sitaki mutoto nilizaa ajue ile. Nakuomba hiyo moja tu."

Hakusema kama amenisamehe. Na mi niliogopa kumuuliza.

Sasa mulango unashinda wazi, lakini Mama hatoki tena. Kanisani haendi. Jirani akipita kumusalimia, anageuka upande wa ukuta anajifanya amelala.

Juzi bwana amepiga tena. Anafika muda si mrefu, na anasema atapikisha chakula, aite majirani bote, anishukuru mbele yao kwa kuokoa mama yake. Na majirani hao ndio balikuwa ku dirisha. Mumoja tu akifungua kinywa, bwana atanifukuza, na Mama atapata haya mbele ya mutoto wake na mbele ya batu bote. Nikimuambia mimi kwanza, nitatua muzigo yangu, lakini nitakuwa nimemuvua Mama nguo mara ya pili. Nikinyamaza, nitaketi pale nikipigiwa makofi.

Bamama na babaza, munitukane mukitaka, nimestahili. Lakini kisha munishauri: nivunje neno la Mama, ama niendelee kula sifa yenye si yangu? Nifanye nini?