Kumlisha Mama Mkwe Birmingham

Tulisafiri Jumamosi ile kwa sababu moja tu: mama mkwe wangu alikuwa hali chakula. Alikuwa amekaa kwetu Birmingham siku tisa, zimebaki tano arudi Kimilili, na mifupa ya shingo ilikuwa imeanza kuonekana. Wasomaji wa kwetu wananielewa. Mama akienda Ulaya kumwona binti yake, anatarajiwa arudi amenona. Akirudi amekonda, hakuna atakayemuuliza yeye. Ukoo mzima ungesema mimi, Simiyu, nilimlaza mama wa watu njaa.

Tena mimi ni mtu wa chakula. Nina diploma ya upishi na usimamizi wa hoteli, niliyojilipia kwa kuuza mayai ya kuchemsha stendi ya Webuye, bila mjomba wala shangazi kunishika mkono. Birmingham nilipika katika makao ya wazee, na Wazungu wasio na jino hata moja waliomba kuongezewa. Kwa ajili ya ziara ya mama mkwe nilichukua likizo yote. Asubuhi uji na mayai, mchana wali na kuku, jioni ugali. Kila mlo niliketi mbele yake nimhimize. Anamega mara mbili, anasema ameshiba, anapanda ngazi kwenda chumbani. Mke wangu Nafula ni muuguzi. Anatoka alfajiri na kurudi tumeshaondoa vyombo. Yeye alisema mama yake anachagua chakula tangu zamani. Nikaamua kwamba vyakula vya nyumbani vimemchosha, na nitamzungusha mji mzima aonje vya kule.

Handsworth, saa tatu asubuhi. Tulitoka watano, kwa shida: mimi, Nafula, watoto wetu Wekesa na Nekesa, na mama mkwe aliyevaa sweta mbili na kitambaa chake cha kanisani. Huyu mama alikubali kulala kwangu baada ya mashauriano marefu na mchungaji wake, maana kwetu Bukusu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe. Mwishowe alijipatia jibu mwenyewe: kama nyumba ni ya kupanga, basi si ya Simiyu. Niliumia kidogo, kwa kuwa wakati huo tayari nilikuwa na kiwanja Kitale. Kwenye basi la Soho Road nilimwekea kiti kando yangu, dirishani, aone maduka ya vitambaa na gurdwara, hekalu la Makalasinga. Akapita moja kwa moja hadi nyuma akaketi na Nekesa. Wekesa akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama nyanya amekasirika. Nikamwambia atazame nje.

Small Heath, saa sita mchana. Baada ya basi la pili tuliingia mkahawa mmoja pale Coventry Road. Mwenyewe, mzee wa Kihindi, aliposikia tunazungumza akatokeza jikoni akisema amezaliwa Kisumu. Alimwamkia mama mkwe kwa heshima, akatuletea balti, chakula ambacho Birmingham wanajivunia kuliko vyote: nyama na viungo, ikichemka bado katika karai lilelile ilimopikiwa. Juu yake naan moja, mkate mpana kama mkeka wa mtoto.

"Sahani hapa hatutumii," alisema mzee. "Mnamega, mnachovya pamoja."

Nilifurahi. Nililisogeza karai katikati yangu na mama mkwe, nikamega, nikachovya, nikamngoja. Yeye akarudisha kiti nyuma mpaka kikagusa ukuta.

"Nekesa, mwambie baba yako nimeshiba."

Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu tuondoke. Mzee wa Kisumu akauliza kama pilipili imezidi.

"Hapana, mzee wangu. Chakula ni kizuri. Harufu yake imenitosha."

Nililila karai lile kwa hasira. Wakati wa kulipa nilimweleza mzee kwamba nina diploma ya upishi na ninathibitisha kazi yake ni safi. Akanijibu kuwa yeye hana, ana wateja tu.

Longbridge, saa nane na nusu. Tulirudi katikati ya mji, tukapanda treni. Niliwaeleza kwamba hapo zamani kulikuwa na kiwanda kikubwa cha magari, na sasa ni maduka na nyumba mpya. Wekesa aliniambia nilishasema hivyo mwaka uliopita. Mama mkwe alitembea hatua kumi nyuma yangu. Nikipunguza mwendo, naye anapunguza.

Rednal, saa tisa. Chini ya vilima vya Lickey kulikuwa na duka la samaki na chipsi. Mwanamke wa kaunta alimwita mama mkwe "bab", kama wenyeji wanavyoitana kwa upendo, akamfungia samaki mkubwa, chipsi na njegere za kuponda. Tulipanda hadi kwenye benchi, manyunyu yakianza. Mama mkwe akapakata karatasi yake ya moto kama anayejipasha mikono. Mimi nikaketi ncha ya pili ya benchi, nikafungua ya kwangu, nikamkaribisha. Akaikunja yake upya, kona kwa kona.

Hapo uvumilivu uliniishia. Nilimwuliza Nafula, mama yake akisikia, huyu mama anataka nini duniani. Nimempikia, nimempandisha mabasi na treni, na Ijumaa atashuka kwenye ndege amekauka kama kuni. Nitaficha wapi uso wangu? Nilichukua chipsi zangu nikapanda juu mpaka mahali unapoiona Birmingham yote imelala chini yako. Sikuitazama hata kidogo.

Niliporudi nilipitia kwenye misonobari, nyuma ya benchi. Mama mkwe alikuwa anakula. Samaki alikuwa amebaki mkia, midomo inang'aa mafuta, na alikuwa anamwambia Nekesa jambo huku akicheka kwa kinywa kilichojaa. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Nafula aliniona kwanza. Akaja mbio ameinua mkono kama askari wa barabarani.

"Baba Wekesa, rudi ulikotoka."

"Kwani kuna nini?"

"Mama anakula."

"Naona. Mbona mbele yangu hali?"

"Atafune mkwe wake akimtazama mdomoni? Wewe si Mbukusu?"

Nilipopanda juu, Nafula alikuwa amembana mama yake, naye akasema yote: siku tisa nimemkalia mbele, asubuhi, mchana na jioni, nikihesabu matonge. Alikuwa akiishi kwa mkate mkavu chumbani.

Mila hiyo naijua. Kwao Kimilili nilitengewa chakula sebuleni na wanaume, na yeye hakuvuka mlango wa jikoni kamwe. Ila nilidhani mambo hayo yanaishia uwanja wa ndege. Nilidhani kumkalia karibu ndiyo heshima.

Kutoka kwenye benchi sauti yake ilinifikia, bila yeye kugeuka.

"Nekesa, mwambie baba yako asisimame mvuani. Kuna mti mkubwa kule chini. Kule."

Nilikwenda. Nilikaa nyuma ya mti, nimewapa mgongo, na chipsi zangu zilizopoa. Punde Nekesa akaja akikimbia: nyanya anauliza kama utazimaliza hizo. Nikampa karatasi yote.

Kurudi, nilipanda behewa la pili peke yangu. Siku zote zilizobaki nilikula chakula changu kwenye ngazi, mlango wa jikoni umefungwa, nikisikiliza vijiko. Siku ya tatu aliagiza, kupitia kwa Nekesa, niongeze ugali. Na aliposhuka kwenye gari kule Kimilili, Nafula aliambiwa kwa simu, wanawake walimshika mikono wakasema Ulaya imemkubali.

Sasa nimerudi nyumbani, na nina hoteli yangu mwenyewe Kitale, ghorofa mbili, haina deni la mtu. Huko chuoni hakuna mwalimu aliyenifundisha kwamba kumlisha mtu wakati mwingine ni kumwondokea. Nyuma ya hoteli nimejenga chumba chenye mlango wake na ukuta hadi darini, kwa ajili ya wakwe. Wageni huja hata kutoka Bungoma kukitafuta. Mama mkwe hula humo kila siku ya soko, samaki mzima. Samaki huyo mimi humkaanga mwenyewe, humweka kwenye dirisha dogo, naondoka.