Sahani ya Tatu

Wiki iliyopita mgeni mmoja, mke wa mfanyabiashara mwenzangu wa hapa Jinja, alikaa sebuleni kwangu Bugembe, akanyoosha kidole ukutani. "Hii pambo ni nzuri sana. Ulitoa wapi?" Nikamwambia Mbale. Akauliza kama naweza kumwagizia mbili, moja ya sebule, nyingine ya chumba cha wageni. Nikamwambia aliyeisuka amekufa. Akasema pole, akaendelea na soda yake. Tangu siku hiyo sina raha, na ndiyo maana nakusimulia wewe, kwa sababu jambo la aibu huwezi kumweleza mtu aliyekuja kwako kutazama kuta.

Ile si pambo. Ni tabaga, kawa ya kufunikia chakula, imesukwa kwa ukindu uliotiwa rangi nyekundu na nyeusi. Sisi Wanubi ndivyo tunavyoiita, na aliyeisuka ni bibi yangu mzaa mama, aliyenilea Mbale, katika chumba kimoja cha kupanga kule Namakwekwe. Babu alikuwa askari, kama babu za Wanubi wengi. Alipokufa alimwachia bibi koti la jeshi, Kiswahili, ambacho kwetu kilikuwa lugha ya wanajeshi, na majirani waliokuwa wakiogopa vyote viwili. Koti bibi alilifanya blanketi langu. Kiswahili aliendelea kukisema kwa upole, siku baada ya siku, mpaka majirani wakaacha kuogopa, na watoto wao wakawa wanamwita jaja kama mimi nilivyomwita bibi.

Chumba chenyewe kilikuwa hivi: pazia katikati, kitanda upande mmoja, mkeka upande wa pili, sigiri ya makaa nje chini ya upenu. Asubuhi nilichota maji, nikafagia, nikaenda shule. Bibi aliketi mlangoni akisuka, sindano ikiingia na kutoka, redio ya jirani ikimsomea habari asizozijali. Tabaga zake zilipendwa, maana hakuna arusi ya Kinubi bila tabaga mpya. Lakini ikifika alasiri alikunja ukindu wake, hata kama mwenye arusi amesimama palepale anamsihi. "Ya leo yametosha," alisema, na mikono yake ikaenda kuchagua mchele. Nilimwona mvivu. Mtoto wa darasa la nne, nisiyejua hata kufunga uzi, nilimhukumu mwanamke aliyeamka kabla ya adhana.

Jioni ndiyo ilikuwa yetu. Mvua ya Mbale hushuka kutoka mlima Wanale, na ulikuwa ukiisikia inakuja bati kwa bati, nyumba baada ya nyumba, mpaka ifike kwako. Chini ya mvua hiyo bibi alipika. Siku nyingi ilikuwa kunde na ugali. Siku za neema alipika malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, akayatia karanga nilizozitwanga mwenyewe, na ule moshi wa mlimani ukajaa chumbani hadi kwenye nguo za shule.

Tulikuwa wawili tu, kwa sababu mama alifanya kazi Jinja na alikuja sikukuu kwa sikukuu. Wawili, na bibi alipakua sahani tatu. Ya tatu ndiyo aliyoipakua kwanza, akaiweka kwenye kigoda karibu na mlango, akaifunika kwa ile tabaga nyekundu na nyeusi. Ilikuwa ya mtu ambaye hajafika. Watu husema funika kombe mwanaharamu apite. Bibi alifunika ili mtu asipite, aingie. Na waliingia: mwuza vitunguu aliyekwamishwa na mvua, jirani aliyegombana na mumewe, mzee mmoja aliyekuwa jeshini zamani na akili yake ikabaki huko, aliyempigia bibi saluti na kumwita afande kabla ya kunawa mikono. Asipokuja mtu hadi baada ya swala ya isha, sahani ile ililala, na asubuhi tukaipasha moto tukala. Kwa hiyo, nikuambie ukweli, mimi kila jioni nilimwomba Mungu asije mtu.

Siku moja sikungoja majibu ya dua. Ilikuwa siku ya malewa. Bibi alikuwa ameinuka kwenda kuswali magharibi nyuma ya pazia, nami nilishakula sahani yangu nikaramba vidole. Nikafunua tabaga. Nilikusudia kuonja. Aliposema salamu ya mwisho ya swala nilikuwa nimeshaifunika tena, na chini yake sahani ilikuwa nyeupe kabisa.

Basi mtu akabisha siku hiyohiyo, yaani sikupewa hata nafasi ya kutubu. Alikuwa kijana anayeshusha ndizi kutoka Wanale kwa kichwa, amelowa hadi anatetemeka. "Jaja, hii mvua imenipiga sana," alisema, "acha nisimame hapa kidogo." Bibi akamwambia, "Usisimame, mwanangu. Keti. Chakula kipo." Akafunua tabaga. Aliitazama sahani, akanitazama mimi, akaifunika taratibu. Kisha akachukua sahani yake mwenyewe, ambayo hakuwa ameigusa, akampa yule kijana, akaketi akimuuliza habari za mlimani mpaka akamaliza.

Nilingoja fimbo. Haikuja. Mgeni alipoondoka bibi alikunywa maji, akasema, "Ungeniambia una njaa, ningekupa yangu. Wewe hukuwa na njaa. Ulikuwa na uchoyo, na uchoyo haujui kushiba." Akalala. Nilimsikia tumbo likinguruma upande wa pili wa pazia, na hilo liliniuma kuliko fimbo yoyote.

Ungedhani nilijifunza. Nilipomaliza shule ya msingi mama alinichukua Jinja kuanza sekondari, na huko ndiko nilikoambiwa kwamba nilikuwa maskini. Mpaka siku hiyo sikuwa nimejua. Msichana mmoja wa bweni aliliona lile koti la babu kitandani kwangu, akacheka, akawaita wenzake waje wamwone mtoto wa wanajeshi anayejifunika nguo za maiti. Nikalitupa. Nikaanza kusema Kiingereza hata usingizini. Nikajiapiza kwamba sitaishi tena katika chumba ambacho mgeni hula na mwenye nyumba akalala na njaa. Kiapo hicho nilikitimiza. Nikafungua duka la vifaa vya ujenzi, likawa mawili, nikajenga Bugembe: vyumba sita, vigae vinavyong'aa, ukuta wenye vipande vya chupa juu, geti jeusi. Nikaajiri askari wa geti nikampa masharti siku ya kwanza: asilale, asimfungulie mtu kabla hajaniuliza, asile kitu cha nyumba hii.

Miguu ya bibi ilipokataa, nilikwenda kumchukua. Namakwekwe nzima ilitoka kumuaga, nami nikaona fahari, nikidhani wananisifu mimi. Bibi alibeba mfuko mmoja na tabaga yake. Nilipomwonyesha chumba chake, na choo chake ndani, alishukuru vizuri. Halafu akauliza, "Na watu huingilia wapi?"

Jioni ya kwanza alimwomba msichana wa kazi apakue sahani moja zaidi. Akaiweka barazani, akaifunika, akaketi kando yake akitazama geti. Asubuhi chakula kikamwagwa. Ikawa hivyo kila siku, wiki ya kwanza, ya pili. Nikamwambia, "Bibi, hapa si Namakwekwe. Chakula kinaharibika." Akanijibu kwamba kule nako kilikuwa kikipashwa moto, hakikuharibika. Nikaona ameanza uzee.

Kisha ikaja ile jioni ya mvua. Taksi iliharibika barabarani, ile ya Iganga, na abiria wakatawanyika kutafuta pa kujikinga. Geti likagongwa. Askari akaja dirishani: "Madam, ni mama na mtoto mdogo. Wanaomba kusimama tu." Sakafu ilikuwa imepigwa deki. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia awaambie hakuna mtu nyumbani. Bibi alikuwa barazani na sahani yake, akauliza, "Nani anagonga?" Nikasema, "Ni upepo." Mtoto akalia nje ya geti, kilio cha wazi kabisa, na bibi akanitazama vilevile alivyonitazama siku ya malewa. Safari hii nilikuwa na miaka arobaini na moja.

"Nirudishe Mbale," alisema.

Nikamwambia nitampeleka Jumamosi. Jumamosi mzigo wa saruji ukafika. Nikasema baada ya mwezi, baada ya Idi, barabara mbaya, daktari yuko karibu hapa. Kila Ijumaa alikunja nguo zake akazitia kwenye ule mfuko, na kila Jumapili msichana wa kazi alizitoa. Alikufa mfuko ukiwa umefungwa. Hicho ndicho kitu alichoniomba maishani mwake, kimoja tu, na nilikuwa na magari mawili.

Baada ya arobaini nikaitundika tabaga ukutani, ili nimkumbuke. Ilikuwa nzito, kwa hiyo fundi akapigilia msumari katikati, ukatokea upande wa pili.

Namakwekwe nilipita mwaka jana. Vile vyumba vimebomolewa, pamejengwa nyumba ya ghorofa yenye maduka chini. Nilimuuliza kijana wa boda kama anakumbuka mwanamke wa Kinubi aliyesuka hapo, akaniuliza kama naelekea stendi.

Basi jana, baada ya siku kadhaa za kumfikiria yule mgeni na soda yake, niliing'oa. Nikaingia jikoni mwenyewe, nikapika malewa, nikapakua sahani mbili, maana nakula peke yangu. Moja nikaiweka barazani, nikaifunika, tundu la msumari likinitazama. Nikamwambia askari afungue geti lote. Alifikiri lori linakuja. Watu walipita, wakachungulia, wakaharakisha mwendo. Isha ikaadhiniwa. Hakuna aliyeingia, na kwa nini aingie? Geti lililofungwa miaka yote hiyo, likifunguliwa ghafla, mtu mwenye akili huliogopa.

Nikamwita askari nikamwambia ale yeye.

"Madam, ulisema nisile kitu cha nyumba."

Nikamwambia nimeruhusu leo. Akainamisha kichwa, akasema kama mtu anayeomba radhi, "Na yule jaja aliniita kila siku. Kila siku, madam. Nikamwambia siwezi, madam amekataza."

Hatua kumi kutoka geti hadi barazani. Mtu mwenye njaa alikuwepo siku zote zile, na bibi alimwona, nami nikawa namwaga chakula.

Nikavuta kiti nikamwambia akae. Alikaa ukingoni, akala haraka haraka kama mwizi, jicho moja kwenye sahani na jingine kwangu. Bibi alikuwa na chumba kimoja cha kupanga, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyekula kwake akiwa na hofu.