Nyundo Zisizojibizana

Nakumbuka siku ambayo mama yangu alikataa kupanda chombo nilichokitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Usicheke, mwanangu. Nakusimulia kwa sababu siku hizi unarudi kazini umenuna, na jina la msimamizi wako nimelisikia humu ndani kuliko la jirani.

Vita vilikuwa vimeshaingia Kismayu. Nilikuwa kijana, fundi wa kukalafati, yaani kupachika pamba yenye mafuta ya papa kati ya mbao ili maji yasipenye. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, na kwetu kisiwani Kudhaa nyundo hujibizana: huyu akipiga, yule humjibu, hadi wakutane. Mwenzangu alikuwa Athmani, tuliyekua naye mlango kwa mlango.

Msimamizi wetu, Bakari, alikuwa na ulimi wa upanga. Alitutukana mbele ya wenye vyombo, kisha akamwita kila mmoja pembeni. Mimi aliniambia Athmani ananisema kuwa mvivu. Athmani naye akaambiwa lake. Tukaacha kusemezana. Ajabu ya moyo ni kwamba nilimchukia Athmani kuliko yule aliyetuchonganisha.

Chombo kile kilikuwa cha kuwavusha watu kwenda upande wa Kenya, mama akiwemo. Siku ya kukishusha majini alituletea chakula. Akasimama, akatega sikio, akauliza kwa Kibajuni chake, ambacho mtu ni mchu:

"Mbona nyundo hazijibizani? Kuna mchu kafa hapa?"

Tukaendelea kugonga. Lakini mama alikuwa mjane wa fundi, hakuhitaji kuelezwa. Akatua sinia chini.

"Mimi chombo cha wachu walionuniana sikipandi. Heri bunduki zinikute papa hapa. Njooni mle."

Bakari akafoka kwamba si wakati wa kula. Mama akamwambia kwa upole, "Nawe nawa mkono, baba." Bakari akaondoka akibwata.

Tulikula sinia moja. Kisha Athmani akanisogezea kipande cha samaki, kama zamani, na machozi yakanitoka.

"Kule karibu na mkuku ulimaliza wewe?" akaniuliza.

"Mimi nilidhani umemaliza wewe."

Tuliinuka na wali mikononi. Pale mkukuni, kwenye uti wa chini wa chombo, kazi zetu zilipopaswa kukutana, hapakuwa na hata uzi wa pamba. Tukapaziba, nyundo zikajibizana tena, mama ameketi anasikiliza kama asikilizaye kaswida. Ndipo akabeba mkeka wake, akapanda.

Mwishoni Bakari alikuja mbio na mkewe na watoto wake. Watu wakaguna. Mama akausogeza mkeka: "Kaa, baba." Wote walifika salama.

Basi, mwanangu, mkubwa mbaya mvumilie, na ukishindwa muache, riziki haiko mkononi mwake. Usipigane naye kila siku, maana mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Ila usikubali akunyang'anye mwenzako. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ukiambiwa fulani kakusema, nenda kwa huyo fulani ukamuulize, tena mkiwa mnakula. Fitina ya kazini haiishii kazini. Huenda ikamzamisha mama wa mtu.

Kesho funga chakula cha watu wawili. Mungu akupe moyo wa bibi yako, akupe wenzako wa kukujibu ukigonga, na kila utakachokiziba kwa mikono yako kisivuje. Amina.