Mgeni Aliyeingia Kwenye Picha za Bibi Radojka

Bibi yangu Radojka hupika gongo ya matunda ya plamu bila kibali, na picha zote za marehemu babu zinamwonyesha akicheka kando ya mtambo wa kuipikia. Jana binamu yangu Ognjen alimwambia kwamba kampuni inayomtunzia picha za simu huzikagua zote, ikitafuta mambo ya haramu.

"Zifute, bibi, utafungwa!"

"Nimfute mume wangu? Una wazimu wewe?" Kisha akakunja uso. "Kumbe kuna mtu anaingia kwangu bila hodi?"

"Ni mashine tu, bibi."

"Hata kama. Hapa kwetu anayeingia humiminiwa kinywaji kwanza, ndipo aulizwe shida yake."

Akajaza glasi gongo, akaipiga picha, akaihifadhi pamoja na za babu.

"Haya, akishakunywa changu, atanishtaki kwa mdomo gani?"