Herufi Alizozifunga Milimita

Kazini wanamwita Milimita, mume wangu huyu. Ni mpanga kurasa katika kiwanda cha uchapaji, na pambizo ikizidi upande mmoja hata kwa unywele, chakula hakishuki mpaka airekebishe. Nyumbani anapanga hata sabuni za bafuni. Nimemzoea, ila siku nyingine nasema moyoni huyu angeoa rula tu, mimi nikapumzika.

Shangazi yake, mkunga mstaafu aliyemlea tangu mama yake alipofariki, aliandika kitabu cha maisha yake wodini. Akataka kiwe cha kusomwa kwenye simu, maana wakunga wenzake wametawanyika na simu kila mmoja anayo. Milimita akajitolea kukipanga, na jamani, alivyokihangaikia!

Kitabu cha simu kwa kawaida msomaji hukuza herufi apendavyo, mistari ikajipanga upya yenyewe. Hilo ndilo lililomkera. Akasema watu watamharibia kazi. Basi kila ukurasa akaugeuza picha, herufi zikabaki pale pale alipoziweka, ndogo na nzuri. Ukizivuta kwa vidole zikue, nusu ya mstari inatoka nje ya kioo. Nikamwambia waziwazi kwamba mie mwenyewe, na macho yangu mazima, nakodoa. Akanijibu kwamba anayependa kusoma halalamiki. Kichwa kigumu kama nini.

Kitabu kikatumwa, na baada ya muda wakunga wakaalikwa sebuleni kwa Shangazi wakizungumzie. Wakasifia jalada. Wakasifia picha yake ya ujana, wakamtania kwa kiuno alichokuwa nacho. Shangazi akauliza, je, ile sura ya mapacha waliozaliwa taa zimezimika? Hapo wakaanza kutazamana. Mmoja akasema bado hajafika huko, mwingine akasingizia wageni nyumbani, wa tatu akaomba chai nyingine na kikombe chake kimejaa. Walikuwa wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Shangazi si mtoto.

Walipoondoka alikusanya vikombe. Kisha akatuambia kwamba sehemu ya pili aliyokuwa amepanga kuiandika, ile ya binti yake aliyemzika, sasa hataiandika. Ameshaelewa kwamba kuandika hawezi, na wenzake wamemstahi tu.

Nikamtazama mume wangu. Alijua, na alijua kwamba mimi najua. Uso ulikuwa umemshuka, anachezea ncha ya kitambaa cha meza. Nikampiga kiwiko. Ningeweza kusema mimi, lakini haya yalikuwa yake kuyatapika.

"Shangazi," akasema, "ubaya si wa maneno yako. Ni mimi. Nilizifunga herufi zisikuzwe, nikaambiwa na mke wangu, nikabisha. Hawakukisoma kwa sababu hawawezi."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Nilidhani Shangazi atamfokea, na kusema kweli nilitaka amfokee. Badala yake aliweka vikombe chini, akakaa.

"Hata mimi sijakisoma, mwanangu. Nilijaribu ukurasa wa kwanza, macho yakaniuma. Nikaona haya kukwambia, ulivyokuwa umejisumbua."

Milimita akalia mbele yetu. Hasira zangu zote zikaniishia, nikabaki namwonea huruma, na kumwonea huruma kuliniumiza kuliko kumkasirikia.

Akatoa kompyuta kwenye begi, akafanya kazi pale pale mezani, anapangusa pua kwa mkono wa shati. Ukurasa wa simu ulipofunguka upya, herufi zilikuwa kubwa, maneno manne tu kwa mstari, na pambizo zake zote zimekwenda na maji. Akampa Shangazi simu bila kumtazama usoni, akaanza kuomba radhi tena, mara hii kwa maneno marefu, kwamba amemwaibisha mbele ya wenzake, kwamba Shangazi hakustahili hayo.

Shangazi alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, midomo inatembea.

"Nyamaza kwanza," akamwambia. "Nasoma."